Kiapo cha Mrithi wa Asgaut

Mama mheshimiwa, Padre Isleif uliyenifundisha Kilatini, mjomba Ulfkel uliye mkuu wa wapiga makasia, ndugu wafiwa, na nyote mliokuja kunywa pombe ya matanga: niruhusuni nianze kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia yeyote. Siku ile ya vita, mimi nilicheka.

Mnanijua. Hata kuomba chumvi mezani huona haya. Lakini leo ni zamu yangu kumsifu baba yangu, Asgaut, na nani asiyejua hekima yake? Yeye na Holmstein walipochoka kuchomeana maghala, waliafikiana kwamba mmoja amlee mtoto wa mwenzake ili damu ikome. Uamuzi mwema ulioje! Ila kwetu, amleaye mtoto wa mtu amekubali kuwa chini ya mtu huyo. Basi baba, mpenda amani, akanipakia merikebuni anipeleke kwa Holmstein. Na Holmstein, mpenda amani vilevile, alfajiri hiyohiyo akampakia mwanawe Bard amlete kwetu. Wapenda amani wakakutana katikati ya ghuba, merikebu zao zimejaa mashoka.

"Holmstein! Pokea mtoto!"

"Pokea wangu kwanza, yaya wee!"

"Wako si bado anajikojolea?"

"Na wako ana ndevu! Nimlee au nimwoze?"

Wazee walipokuwa wakitukanana, Bard, mtoto wa miaka saba, alichungulia kutoka upande wa pili.

"Kaka, wewe nani?"

"Mimi ndiye amani."

"Aa! Mbona wameniambia ni mimi?"

Hapo ndipo nilipocheka. Kisha mkuki wa kwanza ukarushwa.

Nisiisahau desturi yetu tukufu ya kufunga merikebu kwa kamba, ubavu kwa ubavu, ili mtu asikimbie. Je, kuna aliyekimbia? Hakuna. Hata merikebu ya baba ilipotoboka na kuzivuta zingine chini pamoja nayo, hakukimbia mtu. Mjomba, ulinitoa majini kwa kunivuta nywele, nakushukuru. Baba hakuwa na wa kumvuta. Kwa Holmstein nako, ingawa yeye na mwanawe waliokoka, viti vimebaki vitupu kama hivi vyetu. Mshindi bado tunamtafuta.

Sasa kikombe kiko mkononi. Mrithi huapa, akanywa, ndipo akakikalia kiti cha baba yake. Mjomba, nimekusikia ukininong'oneza: "Apa damu, kijana, usitutie aibu!" Haya, naapa. Nitamlea Bard mwana wa Holmstein. Wa chini ni mimi.

Keti, mjomba. Kisu hicho ni cha kukatia nyama.

Aibu, ndugu zangu, imeshazamisha nani? Mimi nimeona fahari ikizamisha.

Nyayo mnazozisikia nje ni zake. Nilimwita, na baba yake amekubali kumleta hadi mlangoni, bila silaha. Maneno haya nimekuwa nikiyasoma kwenye kipande cha ngozi nilichokificha ndani ya mkono wa joho. Nakiweka mezani, mkione. Anayetaka kisasi aanze na mimi, kabla mlango haujafunguliwa.

Mama, msogezee mtoto nafasi karibu na moto. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.