Pikipiki Iliyovaa Sketi

Pembeni ya kibanda cha kinyozi, pale barabara inapoanza kupanda mlima, kuna benchi refu lenye mguu uliofungwa waya, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa na swali. Waulize habari za serikali, za ndoa, za jino linalouma, watakujibu kabla hujafunga mdomo. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye akicheka huku, kule sokoni wanageuka. Ila siku hiyo hakucheka sana. Shoga yake Sindano, fundi cherehani wa mtaa mzima, alisimama mbele ya benchi ameishika pikipiki ya marehemu mumewe, kajifunga kibwebwe, macho makavu.

— Nipeni akili zenu zote, Sindano akasema. Shemeji yangu anakuja sasa hivi.

— Yule wa vyuma chakavu? Kinyozi akauliza.

— Huyo huyo. Anakaa nyuma yangu, tunaupanda mlima. Ikizima njiani kama ilivyozoea, anaichukua, anaikatakata, anaiweka kwenye mizani yake. Ikifika juu, hanisemeshi tena habari ya kuiondoa nyumbani kwangu.

— Na wewe ukakubali, shoga?

— Ukoo mzima ulikuwa sebuleni unanikodolea macho, Mama Birika. Nimekubali, na mlima nitaupanda.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nzee kuliko ndoa yao. Tambarare ilikwenda vizuri tu, haina neno. Lakini ikifika katikati ya mlima inachemsha, joto linapanda, nguvu zinaisha, inakohoa mara mbili, kimya. Hapo utakaa nayo mpaka ipoe, wapita njia wote wakikupa pole wasiyoimaanisha.

Kwa kuvaa, lakini, hakuna pikipiki iliyoifikia. Sindano alikuwa ameishonea sketi ya turubai la kijani, marinda mbele, vifungo pembeni, ikaizunguka injini kutoka chini ya tangi mpaka karibu na ardhi, bomba la moshi tu ndilo lililochungulia nje. Aliishona baada ya kupeleka sare za wanakwaya zikafika na madoa ya oili, na gauni lake mwenyewe limelowa pindo zima. Tangu hapo nguo za wateja zilifika safi. Benchi lote liliisifia sketi ile. Kinyozi hata aliomba ya baiskeli yake.

Wa kwanza kusema alikuwa Dereva, mstaafu wa malori, kwa sababu ya umri na kwa sababu huwezi kumzuia.

— Oili. Pikipiki ya umri huu ukiitia oili nyepesi umeitia maji ya kunawa. Chuma kinasugua chuma, joto linazaliwa hapo.

— Nimebadilisha juzi, mzee wangu. Nimetia ile nzito uliyoniambia mwenyewe.

— Basi badilisha tena.

— Kutwa mara tatu, baada ya chakula? Mama Birika akadakia.

Kinyozi akamsukuma Dereva kwa kiwiko.

— Mzee, umepotea njia. Hiyo ni kabureta. Inaipa injini hewa nyingi, petroli kiduchu. Injini yenye njaa inakasirika, ikikasirika inachemka. Hata mimi nikikosa chakula cha mchana hunigusi.

— Ndiyo maana ulinikata sikio Ijumaa, Dereva akasema.

— Kabureta wameifungua gereji, wameiosha, wameipima, Sindano akajibu. Plagi nimeitoa mwenyewe nikaitazama. Haina kasoro. Nyingine.

Akageukia mwisho wa benchi, alikokaa Redio. Huyu anatengeneza redio, lakini jina alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

— Hawa wanakupotezea muda, Fundi. Ule mlima una mawe ya sumaku. Mbona mawimbi yanakatika ukifika pale katikati? Sumaku inavuta chuma chini, injini inagoma, wanavutana. Joto linatoka kwenye ule ugomvi.

— Na malori je? Dereva akauliza. Yanapita kila siku.

— Malori yana matairi mengi. Mpira na sumaku hawaelewani.

Dereva akaimaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja.

— Au, Redio akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, inamlilia marehemu. Miaka yote imezoea mguu wake kwenye gia. Leo inasikia mguu mwingine.

Sindano aliuangalia usukani, pale mpira ulipolika kwa kiganja cha mumewe. Alimwona akiupanda mlima ule ule anapiga mluzi, yeye yuko nyuma na gunia la vitambaa limewabana wote wawili, wala hawakusimama hata siku moja.

— Ilitupandisha sisi wawili na gunia juu, akasema. Kwa hiyo inaweza. Mambo ya kulia tuachieni sisi tuliofiwa. Mimi nataka mtu aniambie inapandaje.

— Chukua dumu la maji, Kinyozi akasema. Ikianza kuchemka unaimwagia.

— Uipasue silinda? Dereva akasimama kabisa. Chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka kama bilauri. Sikilizeni niwafundishe, maana naona mnabahatisha. Pikipiki hizi za zamani hazina rejeta kama gari. Hazina tone la maji ndani. Silinda imezungushiwa mapezi ya chuma, membamba, yamepangwa mojamoja. Ukitembea, upepo unapita katikati yake, unalibeba joto, unaondoka nalo. Upepo ndiyo maji yake.

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Sindano naye akatikisa. Mama Birika alitikisa mpaka akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Basi jibu tumelipata, Redio akasema. Inataka upepo zaidi. Ninayo feni ya mezani pale dukani. Tunaifunga mbele, naiunga na betri.

— Betri ya pikipiki haiwezi feni, wewe, Dereva akasema.

— Shemeji atapakata betri ya gari.

Hapo Mama Birika alishindwa, akacheka mpaka birika likatikisika mkononi. Sindano hakucheka.

— Ilete, akasema. Kama ni feni, nitapanda na feni.

Redio akaileta mbio, waya unaburura nyuma yake. Kinyozi akatoa kamba, Dereva akawa msimamizi. Wakaanza kuifunga feni mbele ya marinda, huku wakigombana iangalie juu au chini.

Ndipo akatokea mama mmoja wasiyemjua, mpita njia, mtoto mgongoni. Akaomba maji ya kunywa. Mama Birika akampa, akampisha kwenye benchi. Yule mama akamshusha mtoto, akamkuta amelowa jasho, akamvua sweta, akamvua na kofia, akawa anampepea nayo. Alipomaliza maji akawauliza:

— Hiyo feni ya nini?

— Ya kupozea injini, Redio akajibu. Pikipiki za aina hii zinapozwa na upepo, mama yangu. Ni mambo ya ufundi kidogo.

— Ahaa.

Akaitazama tena pikipiki, juu mpaka chini.

— Na huo upepo unaingilia wapi?

Kinyozi alimtazama Dereva. Dereva akachungulia ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu. Redio akabaki ameikumbatia feni, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, alikuwa amezimika.

Sindano aliyaangalia marinda yake. Aliangalia mshono aliourudia mara mbili ili vumbi lisipenye. Halafu akakumbuka ni lini kuchemsha kulianza, na ni lini aliivalisha, uso ukamwaka.

— Jamani, akasema polepole. Nimeifunika blanketi.

Akavuta mkasi uliokuwa ukining'inia shingoni.

— Shoga, si ufungue vifungo?

— Nikifungua, kesho nitaionea huruma niifunge tena.

Akakata. Turubai lilipoanguka, mapezi yalionekana, au tuseme hayakuonekana, maana yalikuwa yamezibwa na matope makavu, nyuzi na vipande vya vitambaa vya mwaka mzima. Hakuna aliyetoa nadharia. Kinyozi alileta brashi ya nywele, Redio bisibisi, Dereva akapiga magoti na kijiti, wakachokonoa mpaka mwanga ukapita kati ya pezi na pezi. Mpita njia alimfunga mtoto mgongoni, akashukuru kwa maji, akaenda zake.

Shemeji alifika na kamba ya kuvutia begani.

— Leo umeivua nguo, shemeji?

— Ilikuwa na joto. Panda.

Wakaondoka. Kona ya kwanza Shemeji alikuwa bado anasimulia bei ya vyuma. Sindano hakumsikia, alisikiliza kwa nyayo. Pale katikati, penye kalavati, mahali pake pa kukohoa, akashika usukani akaisubiri. Ikanguruma tu. Upepo ulimpita miguuni, ukaenda kwenye mapezi, ukatokea nyuma umebeba joto. Kalavati likabaki nyuma. Akateremsha gia, akaubana mpando wa mwisho, ule mkali, na Shemeji akaacha kuongea, akamshika kiuno kwa mikono miwili, kamba ikamponyoka begani ikabaki barabarani.

Walipofika juu, pindo la gauni la Sindano lilikuwa jeusi kwa oili. Hakuliangalia mara mbili.

— Shemeji, simama kidogo, sauti ikatoka nyuma, inatetemeka. Nipumue. Moyo unanienda mbio.

— Aliyetakiwa kuzima njiani hajaomba kupumua, Sindano akasema, akapandisha gia.