Duara Chini ya Mahindi ya Cubaka

"Ilani Kuhusu Kusitishwa kwa Muda, Hadi Itakapoamuliwa Vinginevyo, kwa Jembe Lolote Lenye Kuingia Ardhini Zaidi ya Inchi Sita katika Viwanja vya Mboga Namba 11 hadi 17." Hilo lilikuwa jina la karatasi, mwili wake ulikuwa mfupi kuliko kichwa. Polycarpe aliisoma mara mbili kwenye benchi la mbele ya duka la Mama Charlotte, Highview, Kentucky, mara ya pili akiwa amesimama kwa heshima ya muhuri. Polycarpe ni katibu wa kamati ya mashamba ya kanisa, na kijiwe kinamwita PV, yaani procès-verbal, kwa sababu huandika muhtasari wa kila kitu, hata wa sufuria iliyoungua. Ilikuwa alasiri ya Aprili, zamu ya kwanza ya maghala ya Jeffersontown imetoka, na Mama Charlotte alikuwa akimimina kahawa. Alijaza kikombe cha PV. Akajaza cha Mutua, Mkenya aliyekuja kusoma na anayeitwa Daktari Bado, maana udaktari wake unaingia mwaka wa tisa. Cha Cubaka alikifikisha nusu.

Cubaka aliitazama ile nusu, akaelewa. Kiangazi kilichopita, jua lilipokausha mahindi ya kila mtu, yake ya kiwanja namba kumi na moja yalimpita kichwa. Watu wakamwita Agronome, bwana shamba. Wengine, Mama Charlotte wa kiwanja namba kumi na mbili akiwa mbele yao, wakasema aliiba maji, kwa sababu mpira wa maji ni mmoja na kila mtu ana dakika zake ishirini. Viwanja hugawanywa upya kila Aprili. Jumamosi kamati ingepiga kura kama abaki na chake au anyang'anywe.

— Bon, alisema PV, donc ni hivi. Watu ya chuo kikuu walipita na ndege mwezi wa nane, wakapiga picha. Wakaona duara chini ya mboga yetu. Wanasema ni mahali ya ibada, ya watu ya zamani. Miaka elfu mbili!

— Elfu mbili? alisema Mama Charlotte. Na sisi kibali ya kulima tulingoja miaka tatu.

PV akatoa simu. Pichani viwanja vilikuwa vya kahawia kama mkate uliopitiliza motoni, na juu yake mstari wa kijani ulipinda, ukapinda tena, ukarudi hadi karibu kugusa mkia wake.

— Ile ni lupango ya mwami, boma ya mfalme, alisema PV. Angalia, mlango iko mashariki. Kule kwetu mwami hawezi kaa bila lupango. Donc hii udongo ilikuwa ya kwetu mbele ya Waamerika kufika. Nitaandika.

— Utaandika kwamba Mshi wa kwenu alivuka bahari na jembe begani? aliuliza Mutua.

— Mwenye macho haambiwi tazama.

— Basi tazama vizuri, boss. Mtu wa zamani hakuwa na ndege. Sasa mbona achore kitu inaonekana tu ukiwa juu? Hiyo ni steji. Kuna kitu ilikuwa inashukisha abiria hapo.

— Na watu wanafanya ibada kwa steji? aliuliza PV.

— Kwani hujawahi kungoja basi ya Jumapili hapa? Watu husali.

— Ni makaburi, alikatiza Mama Charlotte. Na wafu wanakunywa maji. Ao kuna mwingine anakunywa. Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Mtu akisifu mahindi yake kila Jumapili, mujue amelowa.

Cubaka aliinuka, akakaa, akahamisha kikombe kutoka goti moja hadi la pili.

— Mama, nilichukua dakika zangu ishirini. Hata moja sikuongeza.

— Basi ni nini? Ni mkono?

— Ni mkono.

Alilisema haraka mno. Baba yake, kule kwao Walungu, alimwambia akiwa na miaka kumi na minne kwamba mkono wake unaua hata magugu. Miaka minane hapa Kentucky amekuwa akizungushia mizigo plastiki, na msimamizi humwita kwa namba ya mashine. Agronome lilikuwa jina la kwanza kulipata kwa kazi yake mwenyewe.

Hapo Flavia, shemeji ya PV aliyehamia wiki hiyo kutoka Buffalo, akatoka dukani na mfuko wa unga wa muhogo.

— Mujambo. Munaangalia nini?

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Akainamia simu.

— Papa Cubaka, kiwanja yako ni hii?

— Ni hiyo.

— Na mahindi ilirefuka kiwanja mzima, ao hapa tu, penye duara inapita?

PV alifungua daftari lake, akageuza kurasa za Agosti, akalifunga. Mutua alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mama Charlotte alianza kukaza kifuniko cha termosi ambacho tayari kilikuwa kimekazwa.

Cubaka alijua. Alipanda kwa kamba, mistari ikanyooka, na mahindi marefu yakaikata mistari yote kwa kupinda kama mundu, hatua saba, kisha yakavuka mpaka kwenda kwa jirani. Nje ya mundu yalikuwa mafupi kama ya wenzake. Hayo mafupi aliyafyeka mapema, watu wakiwa bado ibadani. Akijibu, jina linakwenda. Akinyamaza, Jumamosi kiwanja kinakwenda.

— Penye inapita tu, alisema. Pengine pote ilikuwa mifupi. Niliikata. Haikuwa mkono.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimsumbua zaidi.

— Na kwangu, alisema Mama Charlotte akiangalia magari, mashina tatu. Kwa mpaka yako. Ilikuwa mirefu. Tulikula, sikusema.

— Niandike? aliuliza PV.

— Andika, alisema Mama Charlotte.

Akafungua termosi, akaiinamisha juu ya kikombe cha Cubaka. Yakatoka matone mawili.

Jumamosi kamati ilipiga kura, Cubaka akabaki na kiwanja namba kumi na moja, kwa sharti la inchi sita. Hakuna aliyeiba maji. Watu wa kale walichimba mfereji wa duara, mfereji ukajaa udongo mwororo, udongo ukashika mvua, na Cubaka, bila kujua, akapanda mahindi juu yake.