Sifa Mbili za Bibi Jumwa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Bibi Jumwa wa Ndavaya, aliyezikwa Jumatatu akiwa amepita miaka mia. Bibi Jumwa, aliyemlea mjukuu wake kwa sifa. Sifa gani? Subirini, mtacheka kwanza.

Mwaka ni 1956. Binti yake amefariki akijifungua, amemwachia kitoto kichanga, Nzai. Maziwa ya mama hakuna. Nzai ananyweshwa maziwa ya unga ya mkebe, yale yaliyotolewa mafuta, na uji mwepesi. Anashiba, lakini hakui. Ngozi inakauka, inabanduka magamba. Bibi Jumwa anampaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Wapi! Majirani wakanong'ona kwamba karogwa. Bibi Jumwa, ambaye minong'ono ilimchosha upesi, akamfunga mtoto mgongoni, akateremka hadi zahanati ya pwani.

Huko alimkuta nesi kijana, Mwanasha, mzaliwa wa Vanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie mume wangu huyu, anabanduka."

Mume wangu, yaani mjukuu. Bibi zetu ndivyo wanavyotania. Mwanasha akamkagua mtoto, akauliza anakula nini. Kisha akasema, "Mpe sifa, bibi. Kila asubuhi, kabla ya uji. Lakini kidogo tu. Ikizidi itamdhuru."

Hapo ndipo mambo yalipopinda, wasikilizaji. Kwa Mwanasha wa Vanga, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Kwa Bibi Jumwa wa bara, sifa ni kusifu.

Basi akaenda nyumbani, akampa. Kila asubuhi alimpakata: "Nzai mume wangu, mwenye macho mazuri Ndavaya nzima!" Halafu ananyamaza haraka, asije akamzidishia.

Aliporudi zahanati, Mwanasha akauliza, "Sifa umempa?"

"Nimempa mpaka zimeniishia. Sasa nimsifu nini tena, masikio?"

Mwanasha alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaziona mbavu za Nzai, kicheko kikakatika. "Nisamehe, bibi. Nimesema kama niko kwetu." Siku hiyohiyo alimtafutia sifa mpya, iliyopikwa vizuri, si ile inayooza ikapakwa vyombo vya baharini. Akamwonyesha matone ya kumpa. Akamwambia pia autie uji uto, yaani mafuta, wa ufuta.

Magamba yakapungua. Ngozi ikalainika. Nzai akaanza kunenepa, akaanza kulia kwa sauti ya mtu mwenye nguvu. Bibi Jumwa akalia naye kwa furaha.

Lakini swali halikumtoka. Alirudi kwa Mwanasha kuuliza: "Mwanangu, mbona nilimpaka mafuta mwili mzima na hayakufaa kitu, na haya matone yamefaa?"

"Kuna mafuta, bibi, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima uyale."

"Kumbe mwili nao ni mwombaji!"

Ndiyo hayo, wasikilizaji, ambayo leo wataalamu wanayaita asidi muhimu za mafuta. Narudia: mwili hauwezi kujitengenezea. Tunayapata kwenye samaki, ufuta na mbegu nyingine. Yanatunza ngozi, yanajenga ubongo wa mtoto. Nazi ni tamu, sote twaipenda, lakini ina kiasi kidogo mno cha hayo. Bibi Jumwa alimuuliza habari hiyo kila nesi na kila mwalimu aliyepita Ndavaya, hata uzeeni, na jibu likiwa fupi alikasirika.

Nzai sasa ni babu mwenye wajukuu wake. Nilimuuliza ni sifa ipi iliyomponya.

"Ile ya chupa iliniponya ngozi," alisema. "Nikaiacha nilipoanza kula samaki. Ile ya makosa bibi hakuiacha. Kila asubuhi, miaka yote hiyo. Asubuhi yake ya mwisho hakuweza tena kuinua kichwa, akaniambia nina macho mazuri. Jumanne, baada ya mazishi, niliamka nikangoja."

Mzee Nzai na jamaa wote wa Ndavaya, poleni sana. Mungu amlaze mama yetu pema. Nanyi wasikilizaji, kesho asubuhi mtazameni mtoto aliye karibu nanyi. Jiulizeni amekula nini. Kisha, kabla ya uji, mpeni sifa.