Mzee Klementi na Damu ya Beberu Diwani

Miaka thelathini na mbili Mzee Klementi Mtauka amefanya kazi kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbuzi, na tarehe 30 Juni 2025 anakabidhi koti jeupe, funguo za stoo, na pikipiki ambayo haiwaki mpaka aiongeleshe yeye. Alianza akiwa mkata majani. Anamaliza akiwa Mtaalamu Msaidizi Mwandamizi wa Mifugo, cheo ambacho hakikuenea kwenye kibao cha mlangoni, ndiyo maana kibao kimeishia kwenye "Mwanda".

Kwao ni Likawage, kwa wakulima wa ufuta. Mifugo aliisoma kazini kidogokidogo, kozi hii na ile, na kila aliporudi alikuwa na begi jipya la mradi. Mkewe, Mama Flora, anabebea dagaa kwa mabegi hayo mpaka leo.

Wakuu wa kituo amewaona wengi. Kila mkuu alikuja na mbuzi wake. Mmoja alileta mbuzi wa maziwa kutoka milimani, wenye ndevu na madaha. Aliyefuata akaleta weupe wakubwa wa kule kwenye ukame. Mwingine akawachanganya. Mzee Klementi aliwapokea wote, wakuu na mbuzi, kwa neno lilelile: sawa. Na mbung'o nao, wale inzi wakubwa wa porini, wakawapokea. Mbuzi mgeni akiumwa na mbung'o anapata homa, anakonda, analala, hainuki tena. Mzee Klementi ndiye aliyewazika, na ndiye aliyeandika kwenye ripoti kwamba mbuzi wamekaa vizuri kwenye udongo wa Kilwa. Hakuna mkuu aliyelalamika.

Kama kuna mtu amewahi kumsikia anabisha, ajitokeze leo. Dereva akikosea njia, Mzee anakaa kimya mpaka gari lifike kusikotakiwa, halafu anasema huku nako kuzuri. Wapishi wa mikutano wanampenda sana kwa sababu wali ukiungua anaomba ukoko.

Lakini kilichompa jina ni ule mradi wa vinasaba. Vinasaba, jinsi tulivyoelezwa, ni mambo ya ukoo ambayo mbuzi anayabeba kwenye damu. Wataalamu wakiyasoma wanajua nani ndugu wa nani, na nani anahimili ugonjwa gani. Dokta Lightness wa mradi alitaka damu ya mabeberu wa Likawage, kila nyumba beberu mmoja. Mzee Klementi akapewa sindano na vichupa, akaambiwa apite nyumba kwa nyumba.

Sasa mtu wa nje hawezi kujua. Likawage, mgeni wa serikali akija, hata akiwa mzaliwa wa hapo, haonyeshwi kitu kibovu. Utaazima mkeka kwa jirani, utaazima vikombe, utaazima hata mtoto mwenye sare safi aje kusema shikamoo. Basi ilipotangazwa kwamba Mzee anakuja kuangalia mabeberu, watu wakawaangalia wa kwao. Wadogo, wana kupe, mwingine pembe moja. Wakaona aibu. Wakaenda kwa Bi Saida kumwazima Diwani.

Diwani ndiye beberu mkubwa wa kijiji, kahawia, kifua kipana, sikio moja limechanika. Wamemwita hivyo kwa sababu hakuna nyumba asiyoingia na hakuna shamba asilolikagua. Bi Saida ni mjane, na huyo beberu ndiye mali yake. Lakini jirani akija kuazima huwezi kumnyima.

Nyumba ya kwanza, Diwani. Nyumba ya pili, Diwani, kapitishwa njia ya nyuma. Nyumba ya tatu Mzee Klementi akaliona lile sikio, akajua. Akasalimia, akasifia mbuzi, akatoa damu, akaandika beberu mwingine. Angefanyaje? Huwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba vikombe hivi nimevinywea kwa jirani. Baada ya siku chache Diwani alikuwa ameijua kazi. Akisikia pikipiki analeta shingo mwenyewe. Alipoanza kuyumba kwa kuishiwa damu, Mzee akamchoma vitamini, wakaendelea.

Majibu yalipotoka maabara, mradi mzima ulifurahi. Kuna kijana wa maabara, tunaambiwa, aliuliza mbona damu zinafanana mpaka mwisho, akajibiwa kwamba ndiyo uzuri wa utafiti. Ukaitishwa mkutano hotelini Kilwa Masoko, kukawa na kofia, fulana na mabango: Likawage, Kijiji cha Damu Moja. Mzee Klementi alikaa mbele, akapigiwa makofi, akavaa kofia.

Furaha ilidumu mpaka chai ya saa nne. Baada ya chai akasimama mtaalamu mwingine, akasema mbuzi wa damu moja ni hatari, wameoana ndugu kwa ndugu, ugonjwa mmoja ukipita watakwisha. Mkutano ukakubaliana kabla ya chakula cha mchana: mabeberu wote wa Likawage wahasiwe, na waletwe mabeberu weupe wakubwa wa kwenye ukame wapande majike. Wale wale ambao sisi tunajua makaburi yao yalipo. Na wa kuhasi ni Mzee Klementi, iwe kazi yake ya mwisho. Alipoulizwa, akasema sawa.

Siku ya kuhasi kijiji kizima kilikuja penye zizi la josho. Wageni wa mradi walikuwepo na kamera zao. Safari hii kila mtu alileta beberu wake mwenyewe, maana wa kuhasiwa hawaazimwi. Mzee Klementi alikuwa ameshika lile koleo la kuhasi. Ngao yake ya mtumishi bora ilikuwa imeshachongwa, jina limeshaandikwa. Akisema ukweli, ngao inapotea. Asiposema, Likawage inabaki bila beberu wa kuzalisha, na mabeberu weupe watazikwa kama wenzao.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Diwani. Bi Saida alimshika kamba, hakumwachia. Akamtazama Mzee usoni.

"Mzee Klementi, huyu umemchoma sindano kila nyumba ya hapa. Nilikuwa nakuona, na wewe ulikuwa unaniona. Leo unamhasi kwa kosa gani?"

Mzee Klementi akalaza koleo kwenye majani. Hatujawahi kumwona anachelewa kusema sawa namna ile.

"Dokta," akasema, "hawa mbuzi hawana damu moja. Ile damu yote ni ya huyu mmoja."

Dokta Lightness akauliza yote vipi. Mzee akasema yote, nyumba zote, na kwamba yeye alijua tangu nyumba ya tatu. Dokta akamwangalia Diwani. Diwani akaona vichupa mfukoni mwa Dokta, akanyoosha shingo.

Mgeni mmoja akapendekeza wahasi tu kwa vile lori la mabeberu weupe limeshaanza safari. Dokta akamwambia akakae kwenye gari. Kisha akasema damu ichukuliwe upya, palepale, hadharani. Hapo ikawa shida nyingine, hakuna aliyetaka kutanguliza kibeberu chake mbele ya kamera. Mzee Klementi akaondoka bila kuaga. Akarudi anamburuta wake mwenyewe kutoka kwenye boma la mdogo wake Anthony. Tuseme ukweli kwa vile Mzee anastaafu: kile kibeberu kilikuwa kibaya. Kifupi, tumbo kubwa, macho kama kina usingizi, manyoya kama kimelala jikoni. Mtumishi wa serikali wa miaka yote hiyo, na mbuzi ndiye huyo. Kijiji kilicheka mpaka Bi Saida akakaa chini. Baada ya kucheka, wakapanga foleni.

Majibu ya safari hii yalikuja bila mabango. Dokta Lightness alituambia damu za Likawage zimechanganyika vizuri tu, hakuna ndugu kwa ndugu, na vile vibaya vibaya vingi vina vijidudu vya mbung'o mwilini na bado vinakula, vinapanda, vinazaa. Sasa anataka kujua ni nini walichorithi kinachowasaidia. Kibeberu cha Mzee Klementi kimepigwa picha zaidi ya bibi harusi. Mabeberu weupe hawakuletwa. Ngao nayo hamtaiona mezani leo, imerudishwa Dar es Salaam, na mabango ya Damu Moja bado yako ofisini kwa sababu yalichapwa vizuri.

Mzee Klementi, ulisema sawa miaka thelathini na mbili, ukakataa mara moja, na ukaichagua vizuri siku yenyewe. Sisi wa zizini tunakushukuru kwa kutufundisha kumshika mbuzi bila kumtisha. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya, ufuta uote, Mama Flora akuvumilie ukishinda nyumbani mchana kutwa. Mabeberu wa Likawage nao wangependa kutoa shukrani zao, lakini hawapo hapa. Wako kazini.