Pikapu ya Marui Inalia

Kijiwe cha Mkuza hakikuwa na meza wala kibanda. Kilikuwa na kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimewekwa juu ya mawe manne, springi zimetokeza upande mmoja, na upande huo ndiko walikokalishwa wageni. Hapo, hatua thelathini kutoka Barabara ya Morogoro, Mzee Matano alitua jiko lake na birika la kahawa kila asubuhi, na hapo mambo ya Kibaha, ya Kisarawe na ya dunia nzima yalitengenezwa upya kabla jua halijawa kali. Ulikuwa mwaka wa themanini. Vita vya Uganda vimekwisha, sabuni imeadimika, sukari kwa foleni, na vipuri vya magari ndio usiseme. Jumapili, gari lisilo na kibali likikutwa barabarani baada ya saa nane mchana, dereva alikuwa na kazi ya kujieleza polisi. Kwa hiyo Jumapili kila mwenye usukani alikuwa na haraka, na kila asiyekuwa nao alikuwa kijiweni.

Jumapili hiyo walikuwa watatu, mbali na Mzee Matano mwenyewe. Alikuwepo Wilfred, ambaye jina lake hilo lilibaki kanisani tu. Kijiweni aliitwa Azimio, maana alilijua Azimio la Arusha kwa moyo, na hata kuku wake akifa ghafla alimtafuta bepari aliyehusika. Alikuwepo Nikolaus, ambaye wote walimwita Redio, kwa kuwa habari ilimfikia kabla haijatokea. Na katikati yao, miguu kaitanua kama mwenye shamba, alikaa Cornel fundi magari, aitwaye Injinia.

Jina la Injinia hakupewa na chuo. Alijipa mwenyewe, akalirudia miaka kumi na mitatu mpaka watu wakachoka kubisha. Shule aliachana nayo darasa la tano, lakini alidai kwamba hakuna gari lililowahi kuingia uani kwake likatoka linasukumwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameanza kisa cha lori alilolitengeneza gizani kwa kunusa tu, na alikuwa amefika mahali pa kunusa giaboksi, aliposikia mlio.

Wenzake walikuwa bado hawajausikia. Yeye aliusikia tangu kwenye kona: ngwiii nyembamba iliyopanda kila dereva alipokanyaga mafuta, kisha ikashuka na kuwa mkwaruzo alipoachia. Kikombe kikamtulia mdomoni. Fundi mwingine angehitaji kuchungulia uvunguni. Injinia hakuhitaji, kwa sababu aliujua ugonjwa, na aliyeuweka alikuwa yeye.

Yataka nieleze hapa, maana huko mbele hakuna nafasi. Katikati ya ekseli ya nyuma ya pikapu kuna bonge la chuma linaloitwa difu. Shafti inatoka kwenye giaboksi, inaleta mzunguko, na difu linaugawa kwa magurudumu mawili. Ndani yake mna meno makubwa yanayosagana mchana kutwa, na meno hayo yanaishi kwa oili nzito, ile ya namba tisini. Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, Mbaraka, dereva wa pikapu ya dizeli ya kijiji cha Marui, aliileta kwa Injinia difu likiwa linavuja. Injinia alibadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, kazi nzuri kabisa. Ilipofika kutia oili, hakukuwa na tisini Mkuza, wala Tumbi, wala Mlandizi. Na kijiwe kizima kilikuwa kimekuja kumtazama. Maneno “sina, mngoje” yalimfika kooni yakarudi. Akaingia ndani, akachukua ndizi mzuzu kumi na mbili zilizoiva hadi kuwa nyeusi, akazimenya, akazikata vipande vya kidole, na watu walipoinuka kwenda kusali adhuhuri na wengine kula, akazisukuma zote ndani ya difu kwa kijiti. Ujanja huo aliupata kwa dereva mmoja mzee aliyetaka kuuza gari bovu. Ndizi huzima kelele. Pikapu iliondoka kimya kama paka, na Injinia alisifiwa siku nne mfululizo. Alijiambia kwamba oili ikipatikana atamwita Mbaraka kwa kisingizio chochote. Oili haikupatikana.

Sasa pikapu ilisimama mbele ya kijiwe, injini ikinguruma. Nyuma walikaa watu wanane wa Marui na mizigo yao. Mbele, pembeni ya kiti cha dereva, alikuwepo bibi mmoja mwenye jicho la kulia lililofungwa bandeji nyeupe, na mwanawe, Siwema, kamshika mkono. Mbaraka akashuka, akaamkia wazee, akapewa kikombe, wala hakukinywa. Alieleza kwamba ametoka Tumbi kuwachukua watu wake hospitalini, na kwamba tangu jana pikapu inalia. Kufika Marui ni mwendo wa kuzunguka: Pugu, kupanda Kisarawe, halafu ile miteremko ya huko ndani. Ilikuwa saa nne kasoro. Asipoondoka muda huo huo, saa nane itamkuta njiani, na kibali chake kimekwisha tarehe. Alitaka kujua jambo moja tu: aende, au asiende?

Injinia alifungua mdomo, lakini Mzee Matano alimtangulia. Kwa mzee, ubaya wote wa siku hizo ulitoka kwenye dizeli yenyewe. Watu wanaichanganya na maji, akasema, na injini ikinywa maji lazima ilie, kama mtoto aliyenyweshwa uji wa moto. Mbaraka akamjibu kwa adabu kwamba mlio unatoka nyuma, na injini iko mbele. Mzee akasema maji hutembea.

Azimio akaweka kikombe chini, dalili kwamba hotuba imekuja. Alisema dizeli haina kosa. Kosa ni la waliolichonga gari huko kwao. Wao wanajua kijiji cha ujamaa kitapakia watu wote sawa, bega kwa bega, kwa hiyo wanayapima meno ya chuma yachoke mapema, ili kijiji kirudi kuwapigia magoti kuomba vipuri.

— Hiyo ni mirija, ndugu Mbaraka. Mirija ya chuma. Hapo unaposikia ngwiii, unanyonywa.

Watu wa nyuma ya pikapu wakacheka kidogo. Injinia naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, akampiga Azimio begani na kusema hata yeye alishaliona jambo hilo katika magari mengi. Kumbe alikuwa anaomba Mungu porojo hiyo izidi kurefuka. Kila dakika ya mirija ilikuwa dakika moja mbali na difu.

Redio hakukubali kupitwa. Alikuwa na habari, na habari yake ilitoka kwa mtu aliyekuwepo. Pikapu hiyo, kabla haijapewa kijiji, ilikwenda vitani. Ilibeba masanduku ya risasi mpaka ng'ambo ya Kagera, ikalala wiki tatu jirani na ile mizinga waliyoiita Saba Saba. Sasa chuma, alisema Redio, kina masikio. Kikisikia kombora likipita kila siku, kinakariri.

— Sikiliza vizuri, — akasema, kidole juu. — Hiyo si kelele ya ubovu. Hilo ni kombora linaruka. Gari linaota.

— Gari linaota mchana? — Mzee Matano akauliza.

— Limelala lini, mzee? Tangu vita liko barabarani.

Na Injinia, uongo dhambi, akaunga mkono. Akasema amewahi kukutana na trekta lililotoka vitani likawa linarudi kinyumenyume kila likisikia honi. Aliongeza na mahali, na jina la mwenye trekta, na rangi. Mgongo ulikuwa umemloa jasho. Katikati ya kisa hicho aliona Mbaraka hacheki tena. Alikuwa anamtazama yeye.

— Injinia, — akasema Mbaraka. — Hawa wanazungumza. Wewe ndiye uliyelifungua. Niambie wewe.

Kijiwe kikamwachia nafasi. Redio alikaa mkao wa kusikiliza, na Redio ndiye aliyegawa majina pale. Alimpa mtu jina moja tu, na mtu huyo alizikwa nalo. Injinia aliliona jina lake jipya linakuja, la njano, lina maganda. Miaka kumi na mitatu ya kujenga, na Jumapili moja ya kubomoa.

— Krosi ya shafti, kile kiungo chake, — akasema. — Imekauka grisi. Siyo kitu cha kukunyima usingizi. Nenda nayo polepole, miteremkoni usizidi ishirini, Jumanne niletee niipake.

Mbaraka akashusha pumzi. Aliinywa kahawa yake yote kwa mara moja, akashukuru, akasema kama ni krosi basi afadhali, yeye alikuwa anahofia difu.

Neno hilo lilipotajwa Injinia alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kichwani, bila kutaka, aliondoka na pikapu. Akapita Pugu. Akapanda kilima cha Kisarawe, gia namba mbili, meno makavu yakisagana, yakipata moto mpaka yanabadilika rangi. Akafika juu, akaanza kuteremka upande wa pili, kwenye udongo mwekundu, bonde kushoto. Hapo jino moja linakatika, linaingia kati ya wenzake, difu linagoma. Magurudumu ya nyuma yanasimama papo hapo na pikapu bado inakimbia. Alijaribu kulirudisha gari nyuma akilini alipitishe upya, na kila alipolipitisha liligomea pale pale.

Mbaraka alikuwa ameshashika mlango. Ndipo bibi mwenye bandeji aliposema anataka kushuka anyooshe miguu. Siwema akamsaidia. Bibi akaja taratibu, mkono mmoja mbele, jicho la kushoto limejaa ukungu, akasimama karibu na kiti cha basi.

— Shikamoo, bibi, — wote wakasema.

— Marahaba. Naitwa Mwanaamina, wa Marui. Yupi kati yenu ndiye fundi?

Injinia akasema ni yeye.

— Nimekusikia unazungumza muda wote. Una sauti nzuri. Nataka kukuuliza, baba. Siku ile ulipolitengeneza, ulilijaribu mwenyewe?

Alisema ndiyo, alilizungusha mpaka stendi na kurudi. Hilo lilikuwa kweli.

— Basi panda nasi leo, — akasema bibi. — Ukae pale nyuma, ulisikilize linavyolia njiani. Marui tuna nafasi ya kulala na muhogo upo. Utapanda?

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Redio akaona ni jambo la kufurahisha, akamsukuma Injinia kwa kiwiko, akamwambia aende akale muhogo wa bure. Azimio akasema fundi kusafiri na umma ndio ujamaa wenyewe. Injinia akatazama wale wanane. Mwanamume mmoja alikuwa tayari anasogeza gunia ili fundi apate mahali pa kukaa.

— Sipandi, bibi, — akasema.

— Una kazi?

— Sina kazi.

Hakuna aliyemsaidia. Injini ilikuwa inanguruma, na bibi alikuwa amegeuza sikio upande wake, anangoja.

— Ndani ya difu hakuna oili, — akasema Injinia. — Tisini ilikosekana. Nilitia ndizi.

Redio alifungua mdomo ili acheke. Akamwona Mbaraka, akaufunga. Mbaraka alikwenda kwenye pikapu, akazima injini, akachomoa ufunguo, akarudi na kusimama mbele ya Injinia, karibu sana. Alikuwa mtu mpole, na sauti yake haikupanda.

— Alhamisi niliteremka kule Kisarawe na walimu kumi na wanne.

— Najua ni kosa, Mbaraka.

— Hujui. Wewe ulikuwa hapa.

 Injinia akavuka barabara kwenda kwake, akarudi na spana na karai, akalala chali chini ya pikapu kwenye vumbi na shati lake la Jumapili. Watu wa Marui walishuka mmoja mmoja, wakainama kutazama. Difu lilikuwa la moto kiasi kwamba alilishika kwa kitambaa. Nati ya chini ikagoma, ikalia, ikaachia. Akaweka karai, akangoja oili idondoke, kwa mazoea tu, maana alijua haipo.

Lilitoka tope jeusi, zito, lenye harufu ya sukari iliyoungua. Likadondoka kidogo, likasita. Akaingiza kijiti, akachokoa. Kitu kikaanguka kwenye karai kwa mlio wa kengele.

Alitoka uvunguni nacho kiganjani. Kilikuwa kipande cha jino la gia, kikubwa kama nusu ya kidole gumba, upande mmoja kimelainika, upande wa pili kimekatika upya na kinang'aa. Azimio akakitazama asitaje bepari yeyote. Mzee Matano akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kurudi Marui leo, watu watalala hapa, nyumba zipo, na akaanza kuhesabu nani alale kwa nani.

— Nipe nami, — akasema Bi Mwanaamina.

Injinia akakifuta kwa shati, akamwekea mkononi. Bibi hakukiona vizuri. Alikipitisha vidole, akagusa pale palipolainika, kisha pale palipokatika, akakipima uzito kwa kukirusharusha kidogo kiganjani.

— Hili limeshakatika tangu njiani, — akasema. — Na yaliyobaki humo ndani, yalikuwa yanatungoja mpaka wapi?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu, akaendelea kusimama pale kiganja kimekunjuka. Injinia alimtazama Mbaraka, na Mbaraka akatazama barabara inayokwenda Pugu.