Wachumba Wawili wa Shamsa

Benchi la Koti limeegemea ukuta kwenye Mtaa wa Nabii Danieli, Iskanderia, katikati ya marundo ya vitabu vya mtumba. Koti ndiye muuza vitabu, na jina kalipata kwa kuvaa koti hata jua linapochoma. Wa pili huitwa Wakili kwa utani tu: alikuwa tarishi wa mahakama, akastaafu na maneno ya mawakili yote. Wa tatu ni Ami Bahgat, dereva wa tramu wa zamani, ambaye bado anakunywa kahawa isiyo na sukari, ile ya matangani, ingawa arubaini ya bintiye Inas imekwishapita. Inas alikuwa mtunzi. Vitabu vyake viwili vya majini na mapenzi vilisomwa na vijana mji mzima, na kabla hajamaliza cha tatu, moyo ukamsimama. Sasa mchapishaji kapata mtu wa kukimalizia. Kwa baba anataka neno moja tu: Shamsa, yule msichana wa kitabuni, angemchagua nani, mwana wa mfalme wa majini au Yunus, mtoto wa mwoka mikate? Atapiga simu alasiri hii. Asipojibiwa, kitabu hakitoki.

Bahgat alivisoma vitabu hivyo baada ya maziko. Alivimaliza kwa machozi, na jibu hakuliona.

— Turudi kwenye kesi, alisema Wakili. Mchumba wa kwanza, jini. Ana kasri chini ya bahari. Sawa. Hati iko wapi?

— Hati gani tena, kaka? alijibu Koti. Chini ya bahari kuna ofisi ya ardhi?

— Ndiyo maana nasema hafai. Binti haolewi bila nyumba yenye karatasi.

— Na Yunus je? Ana chumba juu ya tanuri. Kiangazi watoto wataiva kabla ya mikate.

— Dhahabu ya uchumba ataitoa wapi?

— Jini anayo tele.

— Dhahabu ya jini asubuhi inageuka makaa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo hiyo methali inaingiaje, bwana?

— Imeshaingia, mwache mgeni akae.

Bahgat alitabasamu kidogo kwa adabu. Walikuwa wanabishana kwa ajili yake, alijua, wapate kumtoa kwenye kimya chake. Lakini kila mara saa ya ukutani ya mkahawa wa jirani ilimvuta jicho: alasiri ilikuwa inakaribia.

— Mimi nawaambia siri, alisema Koti. Vitabu hivi nimeviuza miaka. Wachumba huwa wawili, mmoja baridi, mmoja moto, na msichana yatima anazungushwa kurasa mia nne. Mwishowe unagundua ni mtu mmoja. Yunus ndiye jini.

— Acha zako. Jini atakanda unga?

— Ya nini asikande? Haba na haba hujaza kibaba. Aolewe na wote wawili, kwa nikaha moja.

— Koti, wewe kofia imekubana. Sikieni mimi. Shamsa alianguka baharini mwanzo kabisa, sivyo? Basi alikufa palepale. Hao wawili wanaomjia kila usiku na maswali si wachumba. Ni wale malaika wawili wa kaburini, wanamuuliza...

Wakili akajikatiza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Koti alimkanyaga mguu akiwa amechelewa. Bahgat aliweka kikombe chini, akaliona moyoni kaburi la Inas na udongo wake ambao bado haujashikana.

— Nisamehe, Haji, alisema Wakili. Ulimi hauna mfupa.

— Hujasema kitu.

Hapo ndipo alipofika msichana mwenye mkoba wa shule, kashika kitabu cha pili, pembe zimelika kwa kusomwa.

— Ami, cha tatu kimeshatoka?

— Bado, mwanangu, alisema Koti. Baba wa mtunzi huyu hapa. Tunatafuta Shamsa amchague nani.

Msichana alimwamkia Bahgat kwa heshima, akampa pole. Kisha akawatazama wote watatu.

— Na mtunzi mwenyewe alisemaje? Mlipomuuliza?

Wakili alitazama viatu vyake.

Bahgat alikumbuka jioni moja, mpira ukiwa kwenye televisheni. Inas alitoka chumbani, akasimama mlangoni. "Baba, mtu akipendwa na wawili, amfuate yupi?" Naye, bila kugeuza shingo, alisema, "Mwenye nyumba." Inas alicheka kidogo. Alisimama pale kitambo, kama anayengoja kuulizwa, halafu akarudi chumbani na kufunga mlango. Mpaka leo Bahgat hajui alikuwa anamuulizia Shamsa au anajiulizia mwenyewe.

Simu ya Bahgat iliita. Koti alimtazama, naye akapokea.

— Haji, aliuliza mchapishaji, umeshajua alikuwa anampenda nani?

— Sijui, alisema Bahgat. Mimi ni babake. Sijui.