Wasifu wa Marehemu Mama Tanuri, Aliyekataa Kuziba Mlango

Mliopata viti na mliosimama, poleni. Huyu tunayemzika leo hakupenda maneno marefu. Mkate ukikaa tanurini kupita kiasi, alisema, hata panya hanusi. Kwa hiyo twende.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama ngumi, na mkunga akasema hatafika jioni. Mkunga tulimzika siku nyingi.

Alisoma kuanzia mwaka 1961 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizipenda, kusoma alijua, kuimba hakujaliwa. Pamoja na hayo alidumu katika kwaya ya kanisa hili hadi uzeeni, kwa maana hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumwondoa mtu anayeleta mikate ya mazoezi.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuchekecha unga katika duka la mikate la watu. Alipanda akawa mkandaji, kisha akawa mtu wa mdomoni mwa tanuri, pale ambapo nyusi huungua na uvivu haufichiki. Mwaka 1979 alifungua duka lake mwenyewe, chini ya paa moja na nyumba yake.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi mwashi, yule mliyemwita Bwana Timazi kwa sababu hakutoka nyumbani bila timazi, ile ya kupimia wima wa ukuta, mfukoni. Walijaliwa watoto watatu. Tanuri la duka alilijenga mume huyo. Ukuta ulisimama wima kama askari, ila ulikuwa mwembamba, na joto lote likatokea nyuma, uchochoroni.

“Mume wangu, kuni zangu zinapasha uchochoro!”

“Nitaongeza safu nyingine ya matofali.”

“Lini?”

“Wiki ijayo.”

Wiki hiyo ilichukua miaka kumi na tisa. Hatimaye matofali yakashushwa, Ijumaa moja ya Julai 1998. Kesho yake alfajiri marehemu alitoka kumwaga majivu, akamkuta mwanamke na binti zake wawili wadogo wamelala, migongo imebanwa kwenye ule ukuta. Walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu, wakikimbia vita vya kwao. Milango mingi ya mtaa huu walikuwa wameibisha. Ukuta peke yake ndio haukuwauliza kitu.

Bwana Timazi alipokuja na mwiko wake, alimkuta mkewe amekalia matofali.

“Hujengi,” akamwambia.

“Miaka yote hii umenisimanga kwa ajili ya ukuta huu!”

“Nimeacha kukusimanga. Sasa toboa mlango.”

Akatoboa mlango kando ya tanuri, unaofungukia uchochoroni, na kwa yale matofali akakata chumba kidogo cha kulala humo ndani. Mlango haujawekewa kufuli hadi leo. Bwana Timazi naye, hadi alipofariki mwaka 2011, alijisifu kwamba ukuta ule aliujenga mwembamba kwa ufunuo.

Maneno yalikuwepo, tusifichane. Walioyasema wengine wamo hapa, tena wamependeza. Mzee mmoja wa kanisa alimfuata dukani.

“Mama Tanuri, watu hawa hatujui walikotoka. Wakiiba?”

“Wakiiba mkate, kosa ni langu. Nimechelewa kuwapa.”

“Hata kibali hawana!”

“Bwana wetu alibebwa akiwa mchanga kukimbilia nchi ya watu, baba. Kibali chake ulikiona wewe?”

Mzee aliondoka na mkate kwapani. Marehemu hata aliowakasirikia hakuwaacha waende mikono mitupu.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marehemu hakungoja ya tatu. Siku ya pili alimfunga yule mwanamke aproni, akamkabidhi unga. Na mtaa ulipozidi kumwita Mgeni mwaka nenda mwaka rudi, marehemu alifoka mbele ya wateja: “Mkate wa juzi tu mnakataa kuuita mpya! Huyu wa miaka yote hii atakuwaje mgeni?” Baada yao wengi walipita chumbani mle, yupo kinyozi, yupo bibi kizee na kuku wake mmoja. Wote walilala wakiwa na joto mgongoni, wote walikanda.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua. Daktari alisema ni unga na moshi wa miaka mingi. Aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni huyo huyo aliyeitwa Mgeni. Mtoto wa kwanza wa marehemu, dereva wa lori, alizidiwa na hofu. Si roho mbaya. Hofu ya mtoto kwa mama yake haichekwi.

“Mama, hao wanaolala humo sasa, ukiondoka nani atawajua? Tuuzibe huo mlango.” Februari mwaka huu akaleta matofali, akayapanga pale pale uchochoroni.

Mama yake akamwambia, pumzi ikikatika, “Ngoja nife. Nikifa, ukiwa bado una moyo wa kuuziba, ziba.”

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa tisa alasiri. Mtoto wake alikuwa safarini. Alifika kesho yake alfajiri, mvua inanyesha. Akabisha mlango wa mbele, lakini waombolezaji walikuwa wanaimba, hakuna aliyemsikia. Akazunguka uchochoroni, akayapita matofali yake, akausukuma ule mlango. Ukafunguka. Tanuri lilikuwa limewashwa, na mikate ya msiba inatoka.

“Umelowa, mdogo wangu,” akaambiwa na yule mwanamke. “Njoo uegemee ukuta.”

Akaegemea. Akalia pale, mtu mzima na ndevu zake, mgongo ukipata moto.

Kulipokucha aliyapakia matofali kwenye lori, akayaleta hapa. Kaburi mnaloliona limejengwa kwa hayo. Halikubaki hata moja la kuzibia kitu.

Katika kikao cha familia kulikuwa na ubishi, nani aandikwe katika aya hii ya mwisho. Dereva aliumaliza kwa kiganja mezani, nasi tumeandika alivyosema. Marehemu ameacha watoto sita: watatu wa tumbo, watatu wa ukuta. Ameacha wajukuu tisa, mdogo wake mmoja wa kike, na wakandaji walioko nchi ambazo yeye hakuwahi kuzikanyaga.

Mama Tanuri apumzike kwa amani. Kesho alfajiri tanuri linawashwa, na mlango wa uchochoroni ni wa kusukuma tu.